Taa ya hita inawaka lakini maji ni baridi: kabla hujanunua nyingine

Swali: Hita yetu ya umeme, ya lita 50 na wati 1500, imefungwa bafuni tangu tulipohamia Ilazo, hapa Dodoma, miaka mitatu iliyopita. Mwezi huu maji yalikatika kwa siku mbili na simtanki ikakauka kabisa. Maji yaliporudi tuliwasha hita kama kawaida, lakini tangu siku hiyo yanatoka baridi kana kwamba hita haipo, ingawa taa nyekundu inawaka muda wote. Fundi aliyekuja aliwasha na kuzima swichi mara kadhaa, akasema hita imekufa na tununue nyingine. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Mama wa watoto watatu, Ilazo.

Jibu: Mama, usitoe hela ya hita mpya bado. Katika maelezo yako kuna mambo mawili yanayosema mengi kuliko kuwasha na kuzima swichi: taa inawaka muda wote huku maji yakiwa baridi, na tatizo limeanza pale pale maji yaliporudi baada ya simtanki kukauka. Mambo hayo yakikutana, mshukiwa wa kwanza ni elementi, yaani kile chuma cha ndani kinachopasha maji moto, ambacho mafundi wengine hukiita koili, na elementi ni kipuri kinachofunguliwa na kubadilishwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya hita nzima. Hata hivyo sitaki ununue hata hiyo elementi kwa kukisia, kwa sababu dalili zizo hizo zinaweza kuletwa na kitu kingine, na hatua za mwanzo za uchunguzi unaweza kuzifanya mwenyewe bila kufungua skrubu hata moja.

Ndani ya hita yako umeme hupita vituo vichache kwa mpangilio. Unatoka kwenye breka ya mein swichi, unakuja kwenye swichi ya hita ukutani, unaingia ndani ya kava la hita na kukutana na kikata-joto, yaani swichi ndogo ya usalama inayojikata maji yakipata moto kupita kiasi, kisha thamostati, inayokata umeme maji yakifikia joto lililowekwa, na mwisho ndipo unafika kwenye elementi iliyozama majini. Kituo kimoja kikikatika, maji hubaki baridi. Kazi ya uchunguzi ni kujua umeme umeishia wapi, na mtu akiruka hatua hiyo atabadilisha vipuri vizima na kuacha kibovu mahali pake.

Tuanze na hiyo taa, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Unapoandika taa nyekundu, ni taa ipi? Ikiwa ni ile ndogo iliyo kwenye swichi ya ukutani, inakuambia tu kwamba swichi imewashwa na umeme umefika ukutani. Haijui lolote kuhusu hita. Ikiwa ni taa iliyo kwenye hita yenyewe, kuna namna mbili za kuiunga. Katika hita nyingi taa huungwa baada ya thamostati, sambamba na elementi, kwa hiyo huwaka wakati wa kuchemsha na kuzimika maji yakifikia joto lililowekwa. Taa ya namna hiyo ikiwaka usiku kucha bila maji kupata hata uvuguvugu, maana yake umeme unafika kwenye ncha za elementi lakini haupiti ndani yake, yaani waya wake wa ndani umekatika. Katika hita nyingine taa huungwa mwanzoni kabisa, mahali umeme unapoingia, na hapo itawaka hata kama kikata-joto kimejikata. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kukumbuka ilivyokuwa hita ilipokuwa nzima: je, taa ilikuwa ikizimika yenyewe baada ya saa moja na nusu hivi, au ilikuwa inawaka mpaka uzime swichi? Ikiwa ilikuwa ikizimika yenyewe, shaka yangu juu ya elementi inakuwa karibu uhakika.

Kipimo cha pili kipo kwenye mita yako ya LUKU. Zima breka zote za nyumba isipokuwa ya hita, ukihakikisha friji na kila kitu kingine kimezimika, kisha washa hita na uitazame mita. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa kila umeme unapotumika, na karibu yake pameandikwa namba inayofuatwa na imp/kWh, ambayo ni idadi ya mipepeso kwa kila uniti moja. Kwa mita iliyoandikwa 1000, hita ya wati 1500 inayofanya kazi itaipepesha taa hiyo mara 25 hivi kwa dakika. Kwa mita iliyoandikwa 1600, mara 40 hivi. Chukua saa ya simu, uhesabu kwa dakika moja nzima. Ukiona taa imetulia, au inapepesa mara moja moja kwa muda mrefu, hita haili umeme hata kama taa yake inang'aa, kwa sababu kitaa cha hita peke yake hutumia umeme mdogo mno. Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani ya nyumba una kibodi tu, fundi mwenye klampu mita atapata jibu lile lile kwa kuushika waya mmoja: wati 1500 kwenye volti 230 ni ampea 6.5. Akisoma sifuri, umeme haupiti.

Ikitokea kwamba mita inapepesa vizuri na bado hupati maji ya moto, basi tatizo si lile alilolidhania fundi wako. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji uniti 2.3 za umeme, na kwa wati 1500 hiyo ni saa moja na dakika 30 na ushee, si nusu saa. Jioni ambapo watu wengi wanapika na umeme unashuka, subira inaongezeka kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nguvu ya elementi haishuki sawasawa na volti bali kwa mraba wake: volti 180 badala ya 230 zinaiacha elementi yako na wati 900 hivi, na maji yale yale yatataka saa mbili na nusu. Katika kipupwe cha Juni na Julai, ambapo usiku wa Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 14 na maji ya simtanki huamka baridi kweli, malalamiko ya hita mbovu huongezeka, na baadhi ya hita hizo ni nzima kabisa.

Vilevile, maji yanaweza kuwa ya moto ndani ya hita na kufika baridi kwenye bomba la mvua. Baada ya saa mbili za kuchemsha, fungua maji ya moto kwa dakika moja, halafu gusa kwa uangalifu bomba linalotoka kwenye hita, lile lenye alama nyekundu. Ikiwa bomba hilo ni la moto na maji ya bafuni ni baridi, mkosaji ni koki ya kuchanganyia inayoruhusu maji baridi kuvuka upande wa moto. Kwa upande wako sidhani kwamba ndivyo ilivyo, kwa sababu tatizo lilianza ghafla na maji ni baridi kabisa, lakini kugusa bomba hakugharimu kitu.

Tuseme sasa mita imetulia. Hapo kazi inahamia ndani ya kava, na hapo ndipo ninapokuomba umwachie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Ndani ya kava kuna nyaya zilizo wazi zenye volti 230, karibu na maji, katika chumba ambacho miguu huwa imelowa. Fundi azime breka ya hita kwenye mein swichi, si swichi ya ukutani peke yake, na apime kwa kifaa kwamba umeme umekatika kweli kabla ya kugusa chochote.

Kitu cha kwanza kukitazama humo ni kikata-joto. Mara nyingi kimeungana na thamostati na kina kitufe kidogo, pengine chekundu, ambacho hujitokeza kinapojikata. Kwa kawaida hujikata joto likifikia kati ya nyuzi 85 na 90 au karibu na hapo. Kikiwa kimejikata, hita ikipoa kinabonyezwa na kurudi kwa mlio mdogo, na hita inaweza kuwaka tena. Lakini hakijikati bila sababu. Ama thamostati imeganda na haikati tena maji yanapofikia joto lake, ama elementi imefanya kazi bila maji, ama waya umelegea kwenye skrubu na kuunguza plastiki ya pembeni. Kwa nyumba iliyokaukiwa na simtanki, sababu ya pili inaeleweka, na kukibonyeza mara moja ni halali. Kikijikata tena baada ya siku chache, thamostati ibadilishwe.

Hapa nasema kwa mkazo, kwa sababu ni tabia iliyoenea: usimruhusu fundi akiruke kikata-joto kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja eti ili hita ifanye kazi. Hita iliyorukwa hivyo itachemsha vizuri sana siku hiyo. Siku thamostati itakapoganda hakutakuwa na kitu cha kuukata umeme, na joto litaendelea kupanda ndani ya chombo kilichofungwa. Kwa mwinuko wa Dodoma, wa mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, maji ya sufuria iliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96; ndani ya tangi lenye mgandamizo yanaweza kupita hapo yakiwa bado maji, na tangi likipasuka yanageuka mvuke kwa pigo moja. Hita hiyo inaning'inia juu ya mahali wanapooga watoto wako.

Kikata-joto kikiwa kizima, sasa ndipo elementi ipimwe. Fundi atoe nyaya mbili zilizofungwa kwenye ncha zake, aweke maltimita kwenye omu, na kugusa ncha hizo. Elementi nzima ya wati 1500 husoma omu 35 hivi. Ya wati 2000 husoma 26 hivi. Maltimita isiposoma kitu chochote, waya wa ndani umekatika, na huo ndio ushahidi unaostahili kutolewa hela. Asiishie hapo. Aweke ncha moja ya kipimo kwenye ncha ya elementi na nyingine kwenye chuma cha hita. Hapo kipimo hakitakiwi kusoma mawasiliano yoyote, na mwenye mega ya volti 500, yaani kipimo maalumu cha kutafuta umeme unaovuja, atake megaomu moja au zaidi. Elementi yenye ufa kwenye ganda lake inaweza kuendelea kuchemsha maji huku ikivujisha umeme ndani yake. Nyumba yenye swichi ya kuzuia umeme unaovuja, ile mafundi wanayoiita ELCB, itazimika kila hita ikiwashwa, na wenye nyumba huichukia kwa usumbufu huo hadi wengine wakaing'oa. Hiyo swichi inafanya kazi iliyowekewa. Kama kwako haipo, iwekwe, ya miliampea 30, na waya wa ethi wa hita uhakikishwe kwamba unafika ardhini kweli na haukuishia kwenye plasta ya ukuta.

Sasa, kwa nini elementi iungue siku maji yaliporudi? Hita ya kuning'inia huchota maji ya moto kutoka juu ya tangi lake, kwa hiyo simtanki ikikauka hita yenyewe ingepaswa kubaki imejaa. Kinachoilinda ni cheki valvu, ambayo mara nyingi imo ndani ya ile valvu ndogo ya usalama iliyofungwa kwenye bomba la maji baridi chini ya hita: inaruhusu maji kuingia na kuyazuia yasirudi. Ikishikwa na mchanga au chokaa haifungi tena. Simtanki ikiisha, mtu akafungua koki ya chini jikoni au ya uani, maji ya hita yanarudi kinyumenyume na kutokea huko, na elementi inabaki hewani. Waya wake hutegemea maji kuuondolea joto. Ukiwashwa hewani hupata moto mkali kwa muda mfupi na kukatika. Ndiyo maana kubadilisha elementi bila kuikagua valvu hiyo ni kununua muda mpaka mgao ujao.

Kuikagua si kazi ngumu. Hita ikiwa imezimwa kwenye breka, funga koki inayoleta maji kutoka simtanki, kisha fungua koki ya maji baridi iliyo chini kuliko hita, kwa mfano ya uani, mpaka iishe kutoka. Iache wazi, nenda bafuni ufungue upande wa maji ya moto ili hewa iingie juu ya tangi la hita. Ile koki ya chini ikianza tena kutoa maji mfululizo, hayo ni maji ya hita, na cheki valvu imekufa. Kuna dalili nyingine ya kimya: hita nzima, inapochemsha bila mtu kutumia maji, hudondosha matone kwenye kidomo cha valvu ya usalama, kwa sababu lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka ujazo kwa karibu robo tatu ya lita na maji hayo hayana pengine pa kwenda. Watu huona matone hayo wakamwita fundi azibe. Yasizibwe kamwe; yawekewe kijibomba cha kuyapeleka kwenye shimo la maji machafu. Ikiwa hita yako haijawahi kudondosha hata tone tangu ifungwe, nina wasiwasi zaidi kuliko ningekuwa nao kama ingekuwa inadondosha.

Upande wa pili wa lawama uko kwenye maji yetu yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma imetegemea kwa miaka mingi visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na kaya nyingi za maeneo mapya hujiongezea kisima chao. Maji ya ardhini ya huku ni magumu, yamebeba madini ya kalisi, na madini hayo huganda zaidi kadiri maji yanavyopata moto. Umeona tabaka jeupe ndani ya birika lako. Ndani ya hita tabaka hilo hujijenga juu ya elementi, mahali penye moto kuliko pote, likiwa gumu na lenye nyufa kama ganda la udongo uliokauka. Chokaa hiyo huzuia joto lisitoke kwenda majini, ganda la elementi linazidi kupata moto, na siku moja linapasuka. Kwa miaka mitatu bila kufunguliwa, sitashangaa fundi akitoa elementi iliyonenepa maradufu, na chini ya tangi akakuta chenga nyeupe za kujaza kopo. Ukisikia hita inanguruma au kupasua-pasua wakati wa kuchemsha, hizo ndizo sauti zake.

Kwa hiyo fundi akifungua, kazi isiwe ya kuchomoa elementi na kuchomeka nyingine. Afunge koki ya kuingizia maji, amwage maji yote kwenye ndoo, afungue flanji, yaani kifuniko cha chuma kinachoshika elementi, atoe chenga, asuuze tangi mpaka maji yatoke meupe safi, na aweke gasketi mpya. Thamostati kama ni nzima na ganda lake halijaungua inaweza kurudishwa. Chokaa iliyobaki inaondolewa kwa kulowekwa kwenye siki usiku mmoja na kusuguliwa kwa brashi ya plastiki. Asitumie maji ya betri wala dawa kali za choo, ambazo wengine huzisifia kwa haraka yake, kwa sababu asidi hizo hula shaba na kuharibu enameli inayolikinga tangi lisipate kutu. Elementi mpya iwe ya wati zile zile na umbo lile lile. Kuweka ya wati 3000 ili maji yawahi kupata moto ni kutaka ampea 13 kutoka kwenye nyaya na swichi ambazo hujui zilipangwa kwa kiasi gani.

Hapo hapo, tangi likiwa wazi, ndipo utajua kama fundi wa kwanza alikuwa na hoja. Tangi likiwa limetoboka kwa kutu na kuvuja mwilini, si kwenye gasketi, hakuna matengenezo ya kudumu, na hita mpya ni haki yake. Maji yakitoka na rangi ya kutu nyingi, liko njiani. Lakini likiwa kavu kwa nje na enameli yake ya ndani inang'aa, hita hiyo ina miaka mingine mbele yake.

Kabla ya kuwasha, fungua koki ya simtanki na ufungue bomba la maji ya moto bafuni. Litakohoa hewa kwa muda, kisha maji yatatoka mfululizo bila kukatikakatika. Acha yaendelee dakika moja zaidi, ukague flanji kwa kuipitishia kitambaa kikavu, ndipo breka iwashwe. Fanya hivyo hivyo kila maji yanaporudi baada ya mgao, na maji yanapokatika zima swichi ya hita siku hiyo hiyo. Thamostati iwekwe karibu nyuzi 60: chini ya 50 bakteria wa majini hupata mahali pazuri pa kuzaliana, na juu ya 60 chokaa huganda kwa kasi zaidi, na ngozi ya mtoto huungua kwa sekunde chache. Hata kwa 60, achanganye maji mtu mzima.

Mwambie fundi akuoneshe pia fimbo ya magnesi iliyofungwa kwenye flanji hiyo hiyo, pembeni mwa elementi. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi, na maji yetu yenye chumvi huila haraka. Ikiwa imebaki nyembamba chini ya nusu ya unene wake, au umebaki waya wa katikati tu, nunua mpya pamoja na elementi na gasketi, halafu hita ifunguliwe tena baada ya mwaka mmoja, hata kama maji yatakuwa bado ya moto.